Mkufunzi wa Mtandaoni na Saa ya Ng'ambo ya Mto

Aliyehusika ni Mkuu wa Chuo. Naliandika hilo mwanzoni ili msomaji asilazimike kulitafuta katikati ya maneno yangu. Si Mkufunzi aliyehusika, wala si watahiniwa wa vijiji vya Kyerwa vilivyo kando ya Mto Kagera. Wala si zile "changamoto zilizo nje ya uwezo wetu", ambazo katika utumishi wangu wote nimeziona zikibeba makosa ya watu wenye vyeo bila kulipwa mshahara. Mkuu wa Chuo alitoa agizo, agizo likatekelezwa, na waliolitekeleza ndio walioadhibiwa. Jina la chuo silitaji. Kipo Karagwe, wahusika wanajijua, na nakala ya andiko hili wamepelekewa.

Lakini kabla ya kufika kwenye agizo, haki inataka nimweleze mtu aliyeangushiwa lawama. Nitamwita Mkufunzi, kama tulivyozoea kumwita sote. Nani alimzaa, na wapi, ni habari za kwenye jalada lake la utumishi, na mimi niliyekuwa Ofisa Utumishi najua kwamba majalada ya watu hayasomwi hadharani. Nitaeleza nilichokiona na kukisikia mwenyewe.

Nilimfahamu miaka ile alipokuwa akija kutoa mafunzo kwa watendaji wa vijiji na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Watendaji walisafiri kutoka pembe za mbali za Kyerwa, wakalala kwenye nyumba za wageni za Omurushaka, asubuhi wakaingia ukumbini, nao wakaendelea kulala. Nilikuwa nikisaini fomu za mahudhurio nikiwa na dhamiri safi kabisa. Mkufunzi peke yake ndiye aliyekasirika. Simu za kisasa zilipoenea alisema hatamtoa tena mtu nyumbani kwake kuja kusinzia mjini, na akaiunda upya kozi nzima ya chuo ya stashahada ya utawala wa serikali za mitaa ili isomwe kwa simu, kila mtu akiwa kwake.

Nyumba yake iko Kihanga, katikati ya migomba na kahawa. Studio hakuwa nayo. Alirekodi masomo sebuleni, pazia limeshushwa na blanketi limetundikwa dirishani kuzuia kelele za kuku. Lakini somo halikutoka sebuleni likaenda moja kwa moja kwa wanafunzi. Lilipita kwanza jikoni, ambako wifi yake alikuwa akimenya ndizi za mchana. Mkufunzi aliiweka simu juu ya kinu kilichofunikwa, akaiwasha, akakaa kukiangalia kisu. Nilikuwepo siku ya somo la mamlaka ya mkutano mkuu wa kijiji. Sauti ilisema, ikaendelea kusema. Wifi alimenya, akaendelea kumenya.

"Wifi, mbona kisu hakijasimama?" Mkufunzi akauliza.

"Kisimame kwa lipi? Hujasema kitu bado."

"Nimezungumza muda wote huo!"

"Umezungumza, ndiyo. Ndizi zimekwisha, na wewe bado unatusalimia."

Mtu mwingine angenuna. Yeye alirudi sebuleni, akashusha pazia, akarekodi upya. Mara hii somo lilianza hivi: "Mwenyekiti wa kijiji chenu ameuza kipande cha malisho bila kuwauliza. Leo mnamfanya nini?" Kisu kikasimama hewani.

"Ni nani huyo?" wifi akauliza.

"Ni mfano tu, wifi."

"Mfano gani? Huyo namfahamu! Nitajie mke wake nikuthibitishie."

Somo likapitishwa. Mimi, kwa kuzingatia taratibu, nilieleza wasiwasi wangu kwamba maudhui ya stashahada yanahakikiwa na mtu asiye na sifa za uhakiki. Mkufunzi alinitazama kwa huruma.

"Mzee Mstaafu," akasema, "mwanafunzi wangu ananisikiliza akiwa na kisu mkononi na mtoto mgongoni. Nikimchosha ananizima kwa kidole kimoja. Kwenye ule ukumbi wenu mtu akichoka alisinzia tu, nanyi mkaandika kwamba amehudhuria."

Wasiwasi wangu nikaufuta kwenye daftari.

Baadaye aliniomba nishiriki kama mtoa mada mgeni, niwaeleze wanafunzi jinsi ya kuandika muhtasari wa kikao. Nilivaa suti. Nilianza kwa kuwatambua viongozi wa chuo, viongozi wa dini, wazee waliopo na wasiokuwepo, nikasema itifaki imezingatiwa, nikashukuru kwa fursa hii adhimu. Mkufunzi akabonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Umemaliza bando la mwanafunzi wa Kyerwa," akasema, "na bado hajui kama umekuja kufundisha au kuzindua kisima."

"Mkufunzi, kuna heshima ya kuanzia."

"Ipo. Sema 'habari zenu', halafu waeleze siku ulipoandika muhtasari vibaya na watu wakagombana."

Nilimwambia sikumbuki siku kama hiyo. Akasema atasubiri. Akaleta kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani, akaiweka kwenye kisahani mbele yangu, akatoka nje kuangalia mbuzi. Alipoingia tena nilikuwa nimeikumbuka siku yenyewe, na nikaisimulia kwa ufupi ambao wale waliowahi kufanya kazi chini yangu wangeushangaa. Hadi leo watu wasionifahamu hunisimamisha Omurushaka na kuniambia, "Shikamoo mzee, wewe si yule wa muhtasari?" Hakuna hotuba yangu nyingine iliyowahi kuniletea salamu.

Jambo lililonitia mashaka zaidi lilikuwa lile la mpinzani. Kila kozi ya mtandaoni ina kundi la majadiliano, na majadiliano ya kwetu yalikuwa na sura moja: mwalimu anaandika, wanafunzi wanajibu "Asante sana Mwalimu", "Barikiwa", "Somo limeeleweka". Mkufunzi alijaribu kuandika jambo la uongo kwa makusudi, kwamba mtendaji wa kijiji anaruhusiwa kumfukuza mwenyekiti. Wakamjibu, "Asante sana Mwalimu, Mungu akuzidishie." Alinionyesha simu.

"Wanajua kwamba nimekosea," akasema. "Kila mmoja anajua. Ila nani atamwandikia mtu wa umri wangu kwamba anasema uongo, mbele ya darasa zima?"

Alilitafakari jambo hilo kwa muda, kisha akaunda cheo. Kila wiki mwanafunzi mmoja aliteuliwa kuwa Mpinzani wa Darasa, na wajibu wake ulikuwa kupinga. Asiyepinga alikosa alama. Kwa kuwa sasa ilikuwa kazi ya kutumwa, haikuwa utovu wa adabu, na watu walipinga kama waliofunguliwa kamba. Nilipokuwa mtoa mada, mpinzani wa wiki hiyo alikuwa mwanamke mmoja wa kijiji cha kando ya mto, anayekaimu nafasi ya mtendaji, ambaye wote humwita Mama Asimwe. Alinitumia ujumbe wa sauti:

"Shikamoo mzee. Poleni na majukumu. Naomba kukupinga."

"Marahaba," nikajibu. "Nipinge."

Alinipinga kwa ufasaha, hatua kwa hatua, kuhusu ni nani anayepaswa kuusoma muhtasari kabla haujasainiwa. Mwishoni akasema, "Samahani sana mzee, nimetumwa." Alikuwa sahihi, na katika rekodi zangu nimeandika kwamba alikuwa sahihi.

Mkufunzi hakuwa malaika, na nisipoeleza hilo nitakuwa nimeharibu kumbukumbu. Huyu mwanamke aliyefundisha watu kwa simu aliichukia simu. Nyumbani kwake ilikaa ndani ya kikapu kilichotundikwa kwenye msumari, na sisi wenzake tulipompigia tulikuwa tunakipigia kikapu. Alisisitiza kwamba darasani watu wote ni sawa, lakini ujumbe wa mwanafunzi ulioanza bila shikamoo aliurudisha bila kuusikiliza. Aliwafundisha wengine ufupi, na yeye mwenyewe akishika kipaza sauti usharikani kutoa neno la shukrani, watu walianza kutafuta miavuli yao na viatu vya watoto.

Kalenda yake pia ilikuwa ya kwake mwenyewe. Wakati wa mavuno ya kahawa hakudai kazi yoyote, akisema hakuna mzazi atakayeziacha buni kwenye mti kwa ajili ya insha. Msiba ukitokea kijijini majembe hulala, na kwake msiba haukuombewa ruhusa, ulitolewa taarifa tu. Wapo waliotumia vibaya. Kijana mmoja wa Rubwera bibi yake alifariki wiki ya kazi ya kwanza, akafariki tena ya pili, na ya tatu akazidiwa. Mkufunzi alimpigia.

"Pole mwanangu."

"Asante Mwalimu. Tumempoteza."

"Basi huyu bibi sasa mwacheni apumzike, amekufa vya kutosha. Kazi niione jioni."

Kazi ilionekana jioni.

Na alidharau vikao. Kikao, alisema, ni rekodi isiyo na kitufe cha kuruka mbele. Mimi niliyeishi kwa vikao nililisikia neno hilo kwa uchungu. Mkuu wa Chuo alilisikia kwa uchungu zaidi, kwa sababu vingi vilikuwa vyake. Ndiyo maana, wakati chuo kilipoamua kwamba mtihani wa mwisho utaendeshwa na mfumo mpya wa kompyuta badala ya Mkufunzi, uamuzi huo ulipitishwa katika kikao ambacho yeye hakualikwa. Kwamba hakualikwa si dhana yangu. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya ushauri na nilikuwepo.

Hapa ni lazima nimweleze msomaji asiyewahi kufika kule mtoni. Ng'ambo ya Mto Kagera ni nchi nyingine, na saa ya nchi hiyo iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Simu iliyo kando ya mto hunasa minara ya ng'ambo, na ikiachwa ijipangie saa yenyewe, huifuata saa ya kule. Hapa kwetu ikiwa saa tano asubuhi, simu hiyo inasema saa nne. Wenyeji wanalijua jambo hili kama wanavyojua njia ya kisimani. Hawaiachi simu ijipangie, saa huipanga kwa mkono na maisha yanaendelea. Mkufunzi naye alilijua, na kwa majaribio yake yote hakutegemea saa ya simu ya mtu yeyote. Muda ulipofika alituma sauti yake: "Hapa kwetu sasa ni saa nne kamili. Fungueni." Na kila mwanafunzi alikuwa amepangiwa mwenzake wa kumpigia endapo sauti haijamfikia.

Agizo la Mkuu wa Chuo lilikuwa na mambo mawili. La kwanza, ili kuzuia udanganyifu, kila mtahiniwa ahakikishe simu yake inajipangia saa yenyewe, na atakayekutwa ameipanga kwa mkono atafutiwa matokeo. La pili, siku ya mtihani Mkufunzi asiwasiliane na mtahiniwa yeyote, wala watahiniwa wao kwa wao.

Mkufunzi alimkuta Mkuu wa Chuo mlangoni pa ofisi yake, nami nikiwa pembeni.

"Mkuu, kule mtoni simu zitawaibia watu saa nzima."

"Mkufunzi, mfumo haukosei."

"Haukosei. Ila haujui mpaka unapita wapi."

"Tumenunua mfumo wa kisasa."

"Nimeuona, ni mzuri. Niruhusu niwaambie saa tu. Sitatamka neno lingine."

"Agizo limeshatoka, mama yangu. Tukianza kulegeza kwa mmoja, kesho kila mtu atataka saa yake."

Msomaji azingatie kwamba maneno haya yalisemwa kabla ya mtihani. Mkuu wa Chuo hakuwa mtu asiyejua. Alikuwa mtu aliyeambiwa.

Mtihani ulifunguka saa nne asubuhi na kujifunga saa tano. Mama Asimwe alikuwa amejiandaa kwenye baraza la ofisi ya kijiji, amevaa gauni lake la Jumapili, watoto ameshawapeleka kwa jirani. Simu yake, iliyotii agizo, ilimwambia bado muda, naye, akiamini kwamba chuo kilichoiagiza saa hiyo nacho kitaifuata, akangoja kwa utulivu huku akirudia masomo moyoni. Ilipomwambia saa nne imefika, akafungua, na kioo kikamwandikia kwamba mtihani umefungwa. Alidhani ni mtandao. Alipanda juu ya benchi, akafungua tena. Mwishowe, akiogopa kuvunja agizo lakini akiogopa zaidi kunyamaza, alimpigia mwanafunzi mwenzake wa Kihanga. Mazungumzo yao nimeyapata kutoka kwa wote wawili, na yanalingana.

"Dada, na kwako umegoma?"

"Umegoma nini?"

"Mtihani. Saa nne ndiyo hii, naufungua unakataa."

"Saa nne ipi, we Mama Asimwe? Sisi tumeshamaliza, mimi nabandika ndizi jikoni!"

Kisha Mama Asimwe akasema, "Mungu wangu, nimefuata ya ng'ambo."

Watahiniwa wote wa kando ya mto walioitii ile amri waliandikiwa kwamba hawakuhudhuria. Chuo kikatoa tangazo kwamba tatizo lilitokana na "udhaifu katika ubunifu wa kozi", na aliyeibuni kozi anajulikana na kila mtu. Mkufunzi akaondolewa. Jina lake likafutwa kwenye ukurasa wa kozi, lakini sauti yake haikufutwa, kwa kuwa bila sauti hiyo kozi isingekuwepo. Wanafunzi wapya wanaojiunga leo wanafundishwa na mwanamke asiye na jina, anayewauliza watamfanya nini mwenyekiti aliyeuza malisho. Katika utumishi wangu nimeona watu wakinyang'anywa ofisi, magari na hata viti. Kunyang'anywa jina na kubakizwa kazini kwa sauti, hilo sikuwahi kuliona.

Kwa Mama Asimwe hasara ni kubwa zaidi. Nafasi anayoikaimu inahitaji stashahada. Masharti hayo mimi mwenyewe niliyasimamia kwa miaka na sina ugomvi nayo. Bila matokeo, mavuno ya kahawa yakimalizika ataripoti mtu mwingine, na yeye atarudi shambani baada ya kuuendesha mkutano mkuu wa kijiji chake vizuri kuliko wengi wenye vyeti.

Mara ya mwisho nilipomwona Mkufunzi ilikuwa Omurushaka. Nilikuwa nikisubiri basi dogo la kwenda Rubwera. Alikuwa ameketi kwenye benchi la duka la mnunuzi wa maharage, kofia ngumu ya bodaboda mapajani, vumbi jekundu limempanda hadi magotini.

"Mkufunzi! Umetoka wapi na umri huu?"

"Mtoni. Nawafundisha."

"Kwa miguu yako? Wewe uliyeapa kwamba mwalimu hahitaji kumfuata mtu?"

"Niliapa nikiwa na kozi."

"Kwani mtihani wa marudio umepangwa?"

"Haujapangwa."

"Sasa unawafundishia nini?"

"Ili siku ukipangwa asiseme mtu kwamba hawakuwa tayari." Akafuta vumbi kwenye kofia. "Mama Asimwe anayajua yote. Ananirekebisha. Juzi amenipinga na wala si zamu yake."

Nilimweleza kwamba nimekusudia kuandika, na kwamba nitaanza na suala la jina lake kurudishwa kwenye kozi. Akatikisa kichwa.

"Jina liache. Ukianza na mimi watasoma habari za kikongwe aliyekasirika, watacheka, watafunga. Andika habari za mtihani."

"Kikongwe nani?"

"Sisi wawili, Mzee Mstaafu. Na usiweke itifaki." Dereva wa bodaboda akapiga honi, akainuka akiugulia kiuno, akavaa kofia. "Kahawa imeanza kuiva," akasema. "Unajua maana yake." Nilijua. Alimaanisha kwamba muda wa Mama Asimwe unakwisha.

Ombi lake nimelitii nusu. Pingamizi lake kuhusu jina nimeliandika hapa, na nimelikataa.

Kwa hiyo, kwa andiko hili, namtaka Mkuu wa Chuo atamke hadharani, kwa njia zilezile alizozitumia kutoa tangazo lake la kwanza, kwamba agizo lilikuwa lake, kwamba alionywa kabla ya mtihani, na kwamba kozi haikuwa na udhaifu aliousema. Namtaka afute neno "hawakuhudhuria" mbele ya majina ya watu waliohudhuria. Namtaka alirudishe jina la Mkufunzi kwenye kila somo lenye sauti yake, au aiondoe sauti hiyo aone kozi itakayobaki. Namtaka apange mtihani wa marudio kabla kahawa haijavunwa yote, maana haki ikifika baada ya hapo haitamkuta Mama Asimwe ofisini. Na kwa kuwa suala la saa limeonekana kuwa gumu, namtaka siku hiyo asikae Karagwe na mfumo wake. Aje mwenyewe hadi kijiji cha mtoni, asimame mbele ya watahiniwa anaowaita watoro, awaambie ni saa ngapi, kisha alitie sahihi alilolisema.